Salamu Mbili kwenye Barabara ya Msambweni

Diani,
14 Februari 1999

Dada yangu Hannah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu za kuwafokea madereva wa malori hapo kibandani kwako, maana siku utakayonyamaza ndipo nitakapojua kwamba unaumwa. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua. Kile kikohozi cha Krismasi bado kinanisumbua alfajiri. Mke wangu Mercy na watoto wanaendeleaje hapo kwako? Mwambie Mercy nimezipata zile picha. Na macho ya Baba je? Miwani yake nimeiulizia Ukunda, wamesema hadi mwisho wa mwezi.

Huku joto ni la kutosha. Wageni wameanza kurudi hotelini, si kama zamani, lakini wapo.

Sasa jambo lenyewe. Wenye hoteli kadhaa wa hapa wameungana wakakipa kituo chetu simu mbili za mkononi. Za mkononi, dada, si za waya. Moja anayo Inspekta, mkuu wetu wa kituo. Ya pili imewekwa ndani ya gari la doria, na dereva wa gari la doria ni nani kama si ndugu yako? Wanasema redio yetu inakoroma tu, mgeni akiibiwa ufukweni, mpaka habari itufikie mwizi amekwisha kuoga na kulala. Sasa wananipigia moja kwa moja. Napokea nikiwa usukani, nageuza gari, nakwenda. Ni nzito kama mche wa sabuni na ina mkia wa kuvuta juu. Konstebo mwenzangu Maweu, yule Mkamba wa Shimba Hills anayekaa kando yangu garini, amekwisha kuniomba mara tatu aishike apigwe picha.

Namba nimekuandikia nyuma ya karatasi. Lakini tafadhali, simu hii ni ya kazi. Piga kukiwa na shida tu, tena uwe mfupi.

Ndugu yako,
Tsuma Garama


Mackinnon Road,
3 Machi 1999

Ndugu yangu Tsuma,

Marahaba. Hapa hatujambo sote kwa rehema za Mungu. Mercy ameota meno ya ukali, jana amemfukuza dereva mmoja aliyekula chapati sita akataka kuondoka kwa miluzi. Watoto wako wako shuleni na wanasoma. Baba anaona mtu akisogea, uso haujui mpaka asikie sauti. Mbuzi wawili wamezaa. Mvua hatuijui.

Hiyo namba yako niliipeleka dukani kwa Chirau kwenye simu ya waya, nikapiga siku ya Ijumaa, kama unavyokumbuka. Sasa nakuuliza, Tsuma, ni nani aliyekufundisha kupokea watu namna ile? Nimesema, "Haloo, Tsuma?" Wewe ukajibu, "Sema!" Sema! Nimekulea mgongoni kutoka Samburu mpaka hapa, leo unaniambia sema kama karani wa treni. Nikakuuliza hujambo, ukasema, "Sawa, sawa, kuna nini?" Nyuma yangu walikuwa watu wanne wanasubiri simu, na Chirau mwenyewe akanitazama kwa huruma. Niliirudisha chini nikatoka.

Hata mtu anayekuja kutangaza msiba husalimiwa kwanza. Anakaribishwa, anaulizwa wa kwake, anaulizwa njia ilikuwaje, ndipo aseme lililomleta. Nilipomweleza Baba, alisema, "Labda si yeye aliyeshika."

Basi nitapiga tena. Na nikipiga nataka nisalimiwe kama mtu, mwanzo hadi mwisho. Sijali uko usukani au uko juu ya mnazi.

Dada yako,
Hannah


Mackinnon Road,
9 Aprili 1999

Tsuma,

Salamu kutoka kwetu sote, na za Baba hasa, ambaye miwani ameipokea na sasa anaona makosa ya kila mtu hapa nyumbani. Sisi ni wazima.

Nakuandikia haraka kwa sababu simu ya Jumanne ilikatika. Safari hii nakusifu, uliniitikia vizuri kabisa. Nilikuuliza hali, ukajibu. Nikauliza kazi, ukasema nzuri. Nikakupa habari za Baba, za watoto, za mbuzi, na wewe ukaniuliza mvua. Nilikuwa nimefika kwenye kifua chako. Nikasema, "Na kifua?" Nikasikia unacheka na kusema "Boga!", kisha kishindo, kisha hakuna kitu. Nilipiga tena mara tano, haikuingia.

Maboga mmeyapata wapi wakati huu wa ukame? Na kifua hukunijibu. Niandikie upesi.

Hannah


Diani,
2 Mei 1999

Dada Hannah,

Shikamoo. Barua yako niliipata, samahani kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Nafurahi kwamba Baba ameipenda miwani. Kifua kimepona.

Kuhusu simu, ni netiwaki tu. Ukikaribia Gazi huwa inapotea. Usipige tena ile namba, kuna utaratibu mpya hapa kituoni.

Mvua zimeanza. Kulikuwa na ajali ndogo mwezi uliopita, mtu mmoja wa baiskeli aliyebeba makuti aliingia mbele ya gari letu. Simjui. Yuko hospitalini Msambweni na anaendelea vizuri. Usimwambie Baba, ataanza kukosa usingizi bure.

Mercy ameandika kwamba anataka kuja kunitembelea. Mwambie asubiri kwanza.

Wako,
Tsuma


Mackinnon Road,
30 Mei 1999

Tsuma,

Hatujambo. Mbuzi mmoja amekufa, yule mwekundu. Watoto wanakusalimu.

Kama unavyojua, Mercy hakusubiri. Alikaa kwako siku nne, na kwa siku nne, anasema, ulimwambia habari za hali ya hewa tu. Lakini kwenye laini za polisi mnakokaa wanawake wanafua pamoja, na mke wa Maweu mdomo wake hauna mlango. Mercy amerudi jana. Tumekaa jikoni akanieleza, na mimi nikawa nakoroga ugali mpaka ukashika chini.

Kumbe Boga si boga. Ni mzee. Ni Mzee Boga wa pale kona ya Gazi, anayepeleka makuti hotelini kwa baiskeli. Bega na kiwiko cha mkono wa kulia vimevunjika. Umeniandikia kwamba humjui. Tsuma, nilikusikia. Ulimwita kwa jina, tena kwa kicheko, kama mtu aliyemwona rafiki yake. Halafu nikasikia kishindo. Halafu nikasikia sauti ya Maweu, "Mama yangu!" Hilo la Maweu sikukuandikia mara ya kwanza. Nilitaka uniambie wewe.

Na lililonikata maini zaidi ni hili. Mercy anasema mzee ameshitakiwa. Yeye! Aliyelala kitandani! Eti alikuwa upande wake, akanyoosha mkono wa kulia kuonyesha kwamba anapinda, akapinda mbele ya gari la serikali bila kuangalia. Nimemwuliza Mercy, huko kuna njia gani ya kupinda pale? Anasema hakuna njia. Upande ule ni mikoko.

Kwa hiyo mzee alinyoosha mkono akawa anapinda baharini na mzigo wa makuti. Hebu nieleze.

Hannah


Diani,
20 Juni 1999

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa wote.

Umeandika kwa ukali na mimi nitakuandikia vivyo hivyo, unisamehe. Wewe uko mbali, unakaanga mandazi, unaona kila kitu ni chepesi. Hujui tunavyoishi hapa.

Siku ile ile ya ajali, kabla sijanawa damu ya mzee mikononi, Inspekta aliniita ofisini. Hakuniuliza mzee yuko hai. Aliuliza, "Simu iko wapi?" Nikamwonyesha. Ilikuwa imepasuka kioo. Akaifunga kwenye droo akasema, "Garini hamkuwa na simu. Umeelewa?" Nikasema ndiyo, afande. Akasema wenye hoteli wakisikia wataichukua na nyingine, na sisi turudi kwenye redio ya kukoroma, na mgeni akiuawa ufukweni damu yake itakuwa juu yangu. Kisha maelezo yakapigwa taipu. Mzee alikuwa amemwambia koplo pale hospitalini, "Nilinyoosha mkono." Basi. Wakachukua hilo neno moja wakalijengea nyumba. Nikatia sahihi. Maweu naye akatia.

Neno simu halimo popote. Nimesoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia.

Nikisema vingine ninafukuzwa. Nyumba ni ya kazi, mshahara ni wa kazi, miwani ya Baba imetoka kwenye kazi hiyo hiyo. Kesi ni tarehe 28 Julai na mimi ni shahidi wa kwanza. Ninajua la kusema kwa sababu nimefundishwa.

Na kwa kuwa unapenda kuuliza, na mimi niulize. Nani aliyeniandikia kwamba anataka kusalimiwa mwanzo hadi mwisho, hajali niko usukani? Barua ninayo. Ni ya tarehe 3 Machi.

Tsuma


Mackinnon Road,
4 Julai 1999

Tsuma,

Safari hii sikusalimii. Salamu zimetuponza vya kutosha.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya unga wa ngano, nikasema sitaijibu. Nilikuwa nimekasirika hata dereva mmoja wa lori akaniuliza nani amekufa. Nikakaa siku tatu. Siku ya nne nikajua ninachokasirikia ni kwamba umesema kweli.

Sasa sikiliza na mimi niseme nililokuficha. Siku ile ya Jumanne sikuwa na shida yoyote. Baba hakuwa mgonjwa, watoto hawakuwa na homa. Mara ya kwanza uliponiitikia "Sema!" niliaibika mbele ya watu, nikataka wale wale watu waone. Nilingoja dukani kwa Chirau pajae. Kulikuwa na mke wa mchungaji. Nikapiga, ukajibu vizuri, nikaongea kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, nikawaambia kwa mkono, "Yuko ndani ya gari, linakwenda!" Walicheka wakashangaa. Ndiyo maana nilikuuliza mpaka habari za kifua. Nilikuwa sina jambo lingine, na sikutaka iishe.

Kwa hiyo nimechukua fungu langu. Lakini mimi sikutia sahihi karatasi ya kumfunga mzee, Tsuma. Hilo ni lako peke yako. Mtu umemvunja mkono, kisha unampeleka kortini kwa sababu ya ule ule mkono. Nikilifikiria nataka kuvunja vyungu.

Tarehe 28 nitakuja. Nitakaa mbele kabisa. Ukisema hakukuwa na simu, nitasimama niseme nani alikuwa upande wa pili. Wanifunge mimi pia ikiwa wana nafasi.

Hannah


Diani,
1 Agosti 1999

Dada yangu Hannah,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Wasalimie Baba, Mercy na watoto, na Mercy mwambie nitamwandikia yake, asisome hii begani kwako.

Nilikutazamia siku ile. Kila mlango wa korti ulipofunguliwa niligeuka. Hukuonekana, na wakili wa serikali alipoita jina langu bado nilikuwa nageuka.

Nitakueleza kama nilivyomweleza hakimu, kwa sababu hata wewe hukujua yote.

Mzee Boga nilimjua kwa miaka miwili. Kila nikipita Gazi asubuhi kwenda Msambweni, yeye anatoka nyumbani na makuti yake kwenda hotelini, tunakutana pale konani. Kila siku huinua mkono wa kulia, na mimi huinua wangu. Hatukuwahi kusimama tukaongea. Jina lake nililijua kwa kuwa wapagazi wa hotelini walikuwa wakimwita.

Siku ile simu ilikuwa mkono wangu wa kulia, sikioni. Usukani niliushika kwa wa kushoto. Wewe ukaniuliza kifua. Nikamwona mzee anakuja upande wake, taratibu, ameinua mkono. Na dada, wallahi sikufikiri. Mtu amekusalimia, unamwitikia. Nikasema "Boga!" nikainua mkono wa kushoto.

Mmoja ulikuwa na wewe, wa pili ukawa na yeye. Usukani haukuwa na mtu.

Gari lile linavuta kulia. Tumeliandikia mara tatu litengenezwe. Likavuta kulia, upande wa mzee, na mpaka nashusha mkono nilikuwa nimekwisha kumgonga. Alikuwa bado hajaushusha wake.

Hakimu akaniuliza, "Simu hiyo ilikuwa ya kazi?" Nikasema hapana, mheshimiwa, ilikuwa ya dada yangu. "Mlikuwa mnazungumza nini?" Nikasema salamu. "Salamu tu? Kwa muda wote huo?" Nikasema, "Zilikuwa hazijaisha, mheshimiwa." Watu wakacheka kortini. Maweu akacheka. Mzee Boga hakucheka. Alikuwa ameketi na mkono umefungwa kifuani, akanitazama akasema kwa sauti, bila kuulizwa, "Mimi nilikuwa namsalimia. Niliwaambia toka mwanzo, wakaandika napinda." Hakimu akafuta mashitaka yake pale pale.

Mimi nimenyang'anywa gari. Nakaa getini naandika majina ya wanaoingia, nangoja barua kutoka makao makuu, na huenda nikashitakiwa mimi. Sawa. Linaloniudhi si hilo. Inspekta aliponirudishia kofia yangu niliyoivua kortini alinifokea kwa nusu saa, na katika nusu saa yote hakutaja mzee hata mara moja. Kosa langu ni kwamba nimetaja simu mbele ya watu. Siku iliyofuata tangazo limebandikwa ukutani: vifaa vya mawasiliano visijadiliwe nje ya kituo. Nimelisoma mpaka chini nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba dereva asiishike akiwa anaendesha. Hapapo.

Kwa nini hukuja?

Tsuma


Mackinnon Road,
22 Agosti 1999

Ndugu yangu Tsuma,

Marahaba, na pole. Baba amejua yote, nilimsomea barua yako mwenyewe. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Kisha akasema nikuambie uje nyumbani hata kama ni bila kofia. Mercy amelia, halafu amefua nguo za watoto zote, hata zilizokuwa safi.

Umeniuliza kwa nini sikuja. Nilikuja. Nilivuka feri Likoni asubuhi na nguo yangu ya kanisani. Nikafika pale kwenye kituo cha magari ya kwenda Kwale kortini, nikaketi kwenye benchi ya mama mmoja muuza viazi, na sikuinuka tena. Magari yakajaa yakaondoka, yakajaa yakaondoka. Nilimfikiria hakimu akiniuliza, "Ulikuwa na shida gani, mama?" na mimi nikijibu kwamba nilikuwa namringishia mke wa mchungaji. Mpaka adhuhuri nikavuka tena nikarudi. Mimi niliyekutisha ndiye niliyeogopa. Nimechukia nafsi yangu, na nimekuwa mkali kwa kila mtu hapa bila sababu, waulize.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilikwenda Gazi bila kukuambia. Nilibeba kilo mbili za asali na mwana-mbuzi mmoja, kwenye gari walinitukana sana. Nyumba ya Mzee Boga iko kando ya barabara, baraza yake inaangalia pale pale konani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaniitikia. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu.

Alinitazama. Akaniuliza, "Na kifua chake kilipona?"

Kumbe Maweu alikuwa akiisikia sauti yangu simuni, akasimulia yote kule hospitalini, hata mzee akajua nilikuwa nimefikia wapi. Nililia pale barazani kwa watu nisiowajua, mke wake akaniletea maji.

Mkono wake hauinuki kupita kifua. Kusuka makuti hawezi, baiskeli ameiuza. Hakunifukuza, na wala hakusema yamekwisha. Alisema hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Mwambie salamu za gari sitaki tena, wala zake wala za mwingine. Akitaka kunisalimia, aje kwa miguu."

Hannah


Diani,
12 Septemba 1999

Dada Hannah,

Shikamoo. Shikamoo ya Baba pia, mfikishie. Tarehe 25 nitakuwa nyumbani, bila kofia, barua ya makao makuu imekuja. Mercy atakuambia ilivyosema, yake nimeiweka bahasha moja na hii.

Nilikwenda Gazi Jumapili. Gari liliniteremsha mbali kidogo, mwendo wa nusu saa, nikauenda kwa miguu kama alivyosema. Nilibisha hodi. Mzee akanikaribisha, akaniuliza hali, akaniuliza wa nyumbani, njia, mvua za kwetu, macho ya Baba, mpaka mbuzi wako yule mwekundu aliyekufa. Sijui nani alimwambia, bila shaka ni wewe. Nikajibu moja moja. Tulipomaliza ndipo nikasema lililonileta. Sitakuandikia nilivyosema. Alisikiliza, akasema, "Kuna makuti pale ndani yananyauka."

Tangu siku ile nimekwenda kila siku nikitoka zamu. Naketi naye barazani, yeye ananionyesha kwa kidevu na mimi nasuka. Langu la kwanza alilitazama akasema hata kuku hawezi kulalia. Jana nilisuka ishirini na mbili, akakubali kumi.

Jana hiyo hiyo, saa kumi hivi, gari la doria likatokea konani. Dereva sasa ni Maweu. Alikuwa kando yangu siku ile, damu ya mzee ilimrukia na yeye. Kioo cha simu wamekirekebisha. Alikuwa ameishikilia sikioni kwa mkono wa kulia, anacheka na mtu. Akatuona barazani, akafurahi kweli, akatuinulia mkono wa kushoto.

Mzee Boga hakumtazama. Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye makuti, na niliiacha hapo hapo.

Tsuma